Chini ya Mwavuli wa Mama Mkwe

Mpaka leo nikipita soko la Migwani kuna akina mama wananisalimia kwa kuniuliza upepo ukoje huko nilikotoka, na mimi najibu ni mzuri tu, halafu naongeza mwendo. Sasa kwa vile mmenibana, wacha niwaambie mwenyewe, maana wao wakisimulia wanatia chumvi (suruali haikupasuka, hiyo waliongeza).

Ilikuwa miaka ya sabini, mimi karani Kitui mjini, kijana wa suruali pana chini na viatu vya kisigino kirefu, na nilikuwa nimeshapeleka mbuzi kwa kina Mwende, kilichobaki ni tarehe ya harusi tu. Tulitaka Desemba. Shida ilikuwa mamake. Mama Mwende alikuwa mtu wa kanisa sana, lakini mambo ya nthoni, ile heshima yetu Wakamba kwamba mtu na mama mkwe wake hawaangaliani usoni wala hawakaribiani, hayo hakuyaacha hata baada ya kubatizwa. Mkikutana njiani wewe unaingia kichakani mpaka apite, basi. Alikuwa ameshasema mbele za watu kwamba vijana wa mjini hawana nthoni, na kwamba mimi nikikosea hata kidogo Desemba isahaulike, binti yake atakaa nyumbani. Na Mwende hakuwa mtu wa kumpinga mamake, hilo nalijua vizuri kuliko ninyi.

Basi wazee wakapanga siku ya kwenda kusema tarehe, baba mdogo akanitumia neno nisichelewe. Ilikuwa Novemba, mvua imeanza, na mnajua ule upepo wetu unaoitangulia, kwa hivyo nikaingia duka la Mzee Swaleh pale mjini, mzee ambaye babu zake walitoka pwani. Akanitolea mwavuli mweusi, mzito, mpini wa mti, akaufungua kunionyesha vyuma vya ndani, vinene, vimeshonewa kwenye kitambaa kila pembe, akasema huu hata ukipinduliwa unarudi wenyewe. Akaleta na gambuti, vile viatu virefu vya mpira. Mimi nikaona hivyo ni vitu vya mtu anayeenda kukama ng'ombe. Macho yangu yalikuwa kwa kimwavuli kimoja cha rangi ya damu ya mzee, unakikunja kinaingia mfukoni, ukibonyeza kitufe kinafunguka chenyewe.

"Huo ni wa kuendea harusi, mwanangu," Mzee Swaleh akaniambia. "Si wa kuendea mvua."

Nikamjibu kwamba ndiyo hiyo harusi naitafuta, na nikatoka pale nikijiona mjanja kweli.

Migwani niliteremka saa nane, nikashika njia ya miguu ya kwenda kwao. Wingu lilikuwa limeshafunga. Nusu ya njia nikasikia sauti za wanawake nyuma yangu, nikageuka, na nani anakuja kama si mama mkwe mwenyewe, ametoka kununua sukari ya chai ya wageni (wageni ni sisi), na mbele yake jirani yao, Mama Kilonzo. Sasa hapo adabu ni moja: ingia shambani, geuka, ngoja wapite. Lakini shamba lile lilikuwa tope jekundu tupu, na viatu vyangu nilikuwa nimevipiga rangi asubuhi mara mbili. Nikasema moyoni, Musyoka, wewe umesoma, si unaweza kujificha hapa hapa nyuma ya mwavuli? Nikauelekeza kwao, nikabonyeza kitufe.

Upepo ulitoka mgongoni mwangu, ukaingia ndani ya kile kitu, ukakigeuza kikawa sinia, nikavutana nacho, na nilipokaza mkono zaidi mpini ukabaki kwangu na chote kilichobaki kikaondoka. Mama mkwe, mtu wa adabu zake, alikuwa ameshanipa mgongo na kujifunika leso ili mimi nisiaibike. Kikamtua mgongoni. Vyuma vikanasa leso. Na mimi, badala ya kulala chini nife, nikakimbia kwenda kukinasua (mpaka leo sijui ni nani alinituma), nikavuta, leso ikaja yote, kisigino kikateleza, nikakaa kwenye tope miguuni pake nimeikumbatia leso yake. Akageuka. Tukaangaliana.

Mvua ikaanza hapo hapo. Mama Kilonzo alikuwa amechuchumaa, ameshika tumbo, anacheka mpaka anakohoa. Mimi nilikuwa nalia, nasema ukweli, kwa sababu niliona Desemba yangu imekwisha, na Mwende ataolewa na mtu mwingine mwenye gambuti. Mama mkwe akafungua mwavuli wake, mweusi, wa vyuma vinene, upepo ukaupiga ukashindwa. Akatazama upande wa shamba, halafu akamwambia Mama Kilonzo, na mimi niko hatua mbili tu:

"Mwambie huyo mtu mvua haina nthoni. Aje."

Mama Kilonzo akaniambia, kana kwamba sijasikia, halafu akajitia gunia kichwani akatangulia mbio. Nasi tukafuata, yeye ameshika mwavuli, anatazama kulia, mimi natazama kushoto, na kwa vile yeye ni mfupi nilitembea nimekunja magoti njia nzima mapaja yakawaka moto.

Kule nyumbani wazee walikuwa wamekaa barazani, na baba mdogo (alinieleza baadaye) ndiyo kwanza alikuwa anawahakikishia kwamba kijana wao amelelewa kwa nthoni kabisa. Wakainua macho. Baba mdogo akafunika uso kwa kofia. Mvua ilikuwa inapiga mabati, na mlangoni pa jikoni nikamwona Mwende amesimama, mkono mdomoni.

Mama mkwe akakung'uta mwavuli, akaufunga polepole.

"Baba Mwende," akamwambia mumewe, "harusi iwe Desemba. Huyu akiachwa peke yake mvua itamuua."

Hivyo ndivyo nilivyopata mke, msinionee wivu. Na tangu siku hiyo nimeapa, kitu cha mvua nanunua kwa vyuma vyake, si kwa rangi yake, na kukiwa na tope la kuingia naingia mapema. Siku ya harusi ilinyesha kweli. Tulipotoka kanisani nikasikia matone yamekoma juu ya kichwa changu, na sikuthubutu kugeuka kuangalia ni nani aliyesimama nyuma.