Bauma, Nenda kwa Ng'ombe

Hiki ninachokueleza hakikumpata shemeji wa jirani wa mtu. Kilinipata mimi, mchana, nikiwa nimekula, akili zangu zimetulia, na mvua ya Mushaki ikipiga bati juu ya kichwa changu. Nasema hivyo mapema kwa sababu nawajua watu. Ukiwaambia umeona kitu kisicho cha kawaida, wanakuuliza ulikunywa nini. Nilikunywa chai. Tuendelee.

Mimi ni mfanyabiashara, mtu wa Butembo. Mume wangu na mimi tuna duka hapa Mushaki, kando ya barabara ya Sake kwenda Masisi: chumvi, sabuni, vitenge, mafuta ya kupikia, na meza ya kuchajia simu kwa umeme wa jua. Nyuma ya duka kuna chumba chenye mabenchi na televisheni, na humo watoto huja kutazama filamu. Filamu zenyewe ni za Kifaransa, na Kifaransa cha wengi wao kinaishia kwenye salamu. Kwa hiyo natafsiri mimi. Nasimama mlangoni, kati ya duka na chumba, jicho moja kwa wateja, jingine kwenye kioo, naongea bila kupumua. Wananiita Mama Video. Nimetafsiri mpaka sauti yangu imekuwa nzito kama ya mwanamume.

Kutafsiri kwetu si kurudia maneno ya filamu tu. Lazima uwape watu wa kwenye kioo majina ya hapa. Jambazi anapewa jina la mtu anayejulikana kwa ugomvi, na watoto waliokaa kwenye mabenchi wanagombania kuingia katika filamu: "Mama Video, leo uniite mi!" Mtoto ambaye jina lake limetumika siku hiyo anarudi nyumbani kifua mbele. Kila anayefanya kazi hii huku anafanya hivyo. Usipotoa majina, kesho unatafsiria mabenchi matupu.

Basi, mdogo wangu wa Goma akaniletea tableti yenye katuni ya ajabu, nikaiunganisha na televisheni. Watoto wamepotea kwenye kisiwa cha dinosaria, wale mijusi wakubwa kuliko lori, na hawana mtu mzima wa kuwasaidia. Lakini hilo silo la ajabu. La ajabu ni kwamba katuni yenyewe inasimama na kukuuliza. Visanduku viwili vinatokea kwenye kioo: wajifiche au wakimbie? Unagusa tableti, na hadithi inakwenda ulikochagua. Ukichagua vibaya, mtoto anamezwa, kinabaki kiatu tu, halafu inakurudisha pale pale uchague tena.

Unafikiri watoto wa Mushaki walifanya nini na kitu kama hicho? Walichagua vibaya makusudi. "Aliwe kwanza! Aliwe kwanza!" Wakishacheka, ndipo tunamwokoa. Na mimi nilicheka nao. Nani alikuwa anaumia?

Sasa nikuambie kuhusu Koko Vumilia. Kwetu bibi huitwa koko. Yeye ni mkulima wa hapa hapa. Ukoo wao umelima kile kilima tangu kabla ya barabara. Binti yake Sifa aliolewa mbali, upande wa Buleusa, kule Walikale. Mimi sikuwahi kumwona huyo Sifa. Vita vilipofika kijijini kwao, alipiga simu mara moja kusema anakuja kwa miguu na mwanawe Bauma, na kwamba baba wa mtoto hayupo tena. Simu ikakatika. Tangu hapo Koko alikuja kila siku kuchaji simu yake, hata ikiwa imejaa. Aliogopa isije ikapigwa imezima. Nilimhurumia sana. Wakati mwingine nilijifanya nina kazi nyingi ili nisimtazame usoni.

Siku hiyo mvua ilimkuta dukani. Nikamwambia aingie akae na watoto. Macho yake hayaoni vizuri, akakaa mbele kabisa, magoti yakigusa meza ya televisheni. Nilipoanza kugawa majina, mikono ya watoto ikapanda, na mkono wa Koko nao ukapanda. Chumba kizima kikacheka.

"Ule mutoto wa kofia," akasema, "umuite Bauma."

Wewe ungekataa? Nikamwita Bauma.

Tulianza vizuri. Tukafika kwenye mto. Mti mkubwa umeanguka, umelala juu ya maji kutoka ng'ambo hii hadi ile. Kioo kikasimama: Bauma apite juu ya mti, au afuate ukingo? Watoto wote walishajua kwamba chini ya mti ule kuna kitu chenye meno. "Muti! Muti! Aliwe kwanza!" Kidole changu kilikuwa tayari kinashuka.

"Mama, apana. Uyu hana mara ya pili."

Sauti ilitoka karibu na sikio langu. Nikageuka. Mwanamke kijana amesimama ndani ya duka, nyuma yangu, amelowa chapachapa. Kulowa kwake hakukunishangaza, mvua ilikuwa inanyesha. Mimi, kwa mazoea ya kazi, nilitazama kitenge. Kilikuwa cha manjano chenye michoro ya funguo nyeusi, cha zamani, toleo ambalo haliji tena sokoni. Halafu nikaona matope. Yalimfika magotini, na yalikuwa mekundu. Matope ya kwetu hapa ni meusi. Yale yalikuwa ya kule chini, njia ya msituni.

"Batoto njo banachagula, Mama," nikamjibu, yaani watoto ndio wanaochagua. "Kama unataka kuona, ingia ukae."

Hakuingia. "Muambie afuate mayi. Asikanyage ule muti."

Mimi si mtu wa kuamrishwa dukani kwangu, muulize mume wangu. Lakini mwanamke yule hakutazama kioo kama mtu anayetazama filamu. Alikitazama kama mzazi aliyemwona mwanawe katikati ya barabara na lori linakuja. Nikagusa kisanduku cha ukingo, na nikasema kwa sauti yangu ya kazi: "Bauma, acha ule muti! Fuata mayi! Mayi ikae ku mukono yako ya kuume!"

Hayo ya mkono wa kuume hayakuwemo kwenye filamu. Alininong'oneza yeye.

Watoto wakanung'unika. "Mama Video, leo hakuna kuliwa?"

Nikawaambia leo tunaokoa. Mbele kidogo ukatokea mlima unaofuka moshi, na kioo kikauliza: aende kwenye moshi, au alale chini ya mizizi ya mti? Baridi ilikuwa kali pale kwenye katuni, mtoto anajikunyata, mimi mwenyewe ningemwambia aende kwenye moto.

"Ku moshi apana," akasema yule mwanamke. "Ku moshi kuko bantu."

"Si ni muzuri, kama kuko bantu?"

Papo hapo nikaona aibu, kwa sababu sisi wa huku tunajua ni watu gani wanaowasha moto katikati ya msitu: wenye bunduki. Nikapaza sauti: "Bauma, ukiona moshi, usiende!"

Wakati huo umeme wetu ulikuwa unakufa. Hakuna jua, betri imechoka, televisheni imeanza kupepesa. Tukafika pale pa mwisho. Upande mmoja pango, kavu, zuri, limefichika. Upande mwingine bonde wazi lenye kundi la dinosaria wale wanaokula majani, wakubwa kama nyumba, wanatafuna taratibu. Bauma alale wapi?

"Aende ku ngombe," akasema.

"Ngombe gani?"

"Ku ngombe hakukosake mutu wa kubachunga. Muambie, Mama. Haraka."

Nikasema. Kwa nini nisiseme? Nilishasema mengi. "Bauma, nenda kwa ngombe! Lala katikati yabo, usiogope!"

Niamini, chumba kilivunjika kwa kicheko. Kuna waliodondoka kutoka kwenye benchi. "Mama Video, ile si ngombe, iko dinozore!" Hata Koko Vumilia alicheka, akijipangusa macho kwa ncha ya kitambaa chake. Nikagusa kisanduku. Mtoto wa kofia akaingia katikati ya ile miguu mikubwa, mnyama mmoja akainamisha shingo akamnusa, na televisheni ikazima.

Nikageuka nimwambie yule mwanamke kwamba basi, imekwisha, mtoto amepona. Hakuwepo. Sakafu ya duka ilikuwa kavu. Mume wangu alikuwa kwenye kaunta, pale pale alipokuwa tangu mvua ianze, anashona mfuko wa chumvi uliopasuka.

"Ule mama amepita wapi?" nikamuuliza.

"Mama gani? Tangu mvua hakuna mutu ameingia."

Mume wangu hajui utani. Nimeishi naye miaka mingi, hajawahi kunichekesha hata kwa bahati mbaya. Nikaamua yabaki moyoni mwangu.

Lakini ulimi wangu haujui kukaa. Koko alipokuja kuchukua simu yake, nikamwambia kulikuwa na mama mgeni hapa, ana kitenge cha manjano chenye funguo. Aliishika meza kwa mikono miwili. Kitenge hicho alikinunua yeye, akampa Sifa siku alipojifungua Bauma. "Amefika," akasema. "Mutoto wangu amefika!" Akatoka mbio kwenye mvua ile, mwanamke mzee. Alimtafuta kanisani, akamtafuta kwenye maduka yote, akasimamisha waendesha pikipiki barabarani. Jioni alipika viazi na maharage ya wageni wawili, akaviacha vimefunikwa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuogopa.

Siku kadhaa baadaye mchunga ng'ombe wa juu ya kilima alishuka asubuhi na mtoto mgongoni, amemfunika kwa kabuti lake. Alimkuta amelala katikati ya kundi, amejibana kwenye tumbo la ng'ombe, umande umemkaa kwenye nywele. Mtoto alikuwa anajua jina la kijiji na jina la bibi yake. Alikuwa Bauma. Alikuwa peke yake.

Koko alilia kilio cha furaha na cha msiba kwa wakati mmoja, na sisi majirani hatukujua tumshike vipi. Mtoto alieleza kidogo kidogo. Walifika kwenye mto wenye mti ulioanguka. Mama yake alitangulia juu ya mti kuupima, furushi kichwani. Mti ukajigeuza. Maji yalikuwa mengi. Hilo lilikuwa limetokea kabla ya siku ile ya mvua, nimepiga hesabu mara nyingi, na kila mara jibu ni hilo hilo. Mwanamke aliyesimama nyuma yangu alikuwa ameshakufa.

Mtoto alipopata nguvu, Koko alikuja naye dukani. Nilikuwa nabishana na mteja kuhusu sabuni, nimepaza sauti kama kawaida yangu. Mtoto akasimama mlangoni, hakuingia.

"Koko, njo yeye," akasema. "Njo ile sauti."

"Sauti gani, mutoto wangu?"

"Nilingoja Mama, hakurudi. Nilikuwa nimeisha kuweka muguu ku muti, niende kumutafuta. Ile sauti ikaniambia niache. Ikasema mayi ikae ku mukono ya kuume. Ikasema nikiona moshi, nisiende." Akanitazama. "Na pa mwisho ukasema niende kwa ngombe. Batoto bakacheka."

Hiyo ya kicheko ndiyo iliyonikalisha chini, juu ya mfuko wa chumvi. Maneno yangu mtu angeweza kumsimulia. Lakini nani angemwambia mtoto huyu, siku hiyo hiyo anafika kwangu kwa mara ya kwanza, kwamba watoto walicheka? Koko alikuwepo, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anauliza ni sauti gani.

Nikamwambia ukweli, kwamba maneno yalikuwa ya mama yake, mimi nilitoa sauti tu. Nilidhani nampa faraja. Baadaye watoto wenzake wakamweleza katuni ile inavyokwenda, kwamba mtu akiliwa inarudi nyuma, unachagua tena. Kesho yake akaja.

"Mama Video, rudisha pale ku muti. Sasa utoe jina ya Mama. Umuambie asipande."

Nilimpa sababu zote. Betri mbovu, tableti imeharibika, nina kazi. Alikuja kila siku, na hakulia hata mara moja, angelia ingekuwa rahisi. Mwishowe nikashindwa. Tukaingia wawili tu. Katika katuni kuna msichana mkubwa, nikamwita Sifa. Tukafika mtoni, nikasema kwa nguvu zangu zote: "Sifa, usipande ule muti! Rudi kwa mutoto wako!" Nikagusa ukingo. Nikasikiliza nyuma yangu, kama kuna pumzi, kama kuna maji yanayodondoka. Palikuwa na duka tu. Bauma hakutazama kioo. Alikuwa ameugeukia mlango wa duka, anangoja.

Bado anangoja. Ni mtoto mzuri, anamsaidia Koko shambani, na jioni anakuja kukaa kwenye benchi la nyuma, uso kwa mlango. Tableti nimeirudisha Goma. Kutafsiri nimeendelea, watoto lazima wacheke, lakini majina sasa nayatunga mwenyewe, majina ambayo hayana mtu duniani.

Na wewe, kama unafanya kazi hii, Goma, Butembo, popote ulipo, nisikie. Usimpe mtu wa kwenye kioo jina la mtu anayengojewa nyumbani, hata aliyekuomba awe bibi mwenye machozi. Huenda ukamwokoa. Kisha atakuja dukani kwako kukuomba umrudishe na yule mwingine, naye utashindwa kumrudisha.