Zamu ya Dume

Jumamosi. Asubuhi mvua, mchana jua kali.

Leo nimenunulia kuku maranda kwa fundi wa mbao. Harufu yake ikanirudisha utotoni, kwa wale kasuku wadogo wenye kishungi, ambao Mama alipewa na tajiri wake wa mtaa wa Elgon View. Jike alikuwa ametaga mayai manne kwenye sanduku lenye maranda. Mchana mmoja nikakuta dume ameyalalia. Mimi nilizoea kuku, nikadhani anayaharibu, nikamtoa nikamfunika na kikapu. Kaka hakunituma, nisimsingizie.

Mama aliporudi akayagusa. "Yanapoa! Nani amemtoa baba yao?"

"Mama, kwani jogoo hulalia mayai?"

"Huyu si jogoo! Usiku ni zamu ya mama, mchana ni yake. Mrudishe haraka, watoto watafia ndani."

Kaka akacheka. "Kumbe wanaume pia hulea! Baba, umesikia?"

"Nimesikia," Baba akajibu nyuma ya gazeti.

Nilimrudisha sandukuni. Sikumbuki zilipita siku ngapi, ila vifaranga watatu walitoka. Baba ndiye aliyewasikia kwanza, lazima niseme.

Jioni hii mume wangu amepika ugali na mboga ya managu. Ugali ulikuwa na madonge kidogo, lakini tumeumaliza.