Swali la Mara ya Pili

Mama Alima anauza mawese mtaani kwetu Kamalondo tangu mumewe afariki, na kipimo chake hakina dosari. Nasema hivyo mimi jirani yake ninayeujua ulimi wake mkali. Angekuwa anapunja, ningekuwa wa kwanza kumsema. Mwaka huu alitaka kitu kimoja tu: mjukuu wake Fatouma, aliyebakiza miezi miwili kutimiza miaka sita, aingie darasa la kwanza.

Shule ikasema apimwe kwanza na Léonard, mshauri wa watoto. Niliwasindikiza. Léonard akajaza maji sawasawa katika glasi mbili, akauliza kama ni sawa. Fatouma akasema ni sawa. Léonard akayamimina ya glasi moja katika glasi ndefu nyembamba, akauliza tena. Mtoto akameza mate, akasema hiyo ndefu ina maji mengi zaidi. Basi Léonard akatueleza kwa upole kwamba kipimo hicho kilibuniwa zamani na mtaalamu wa Uswisi, na kwamba akili ya Fatouma bado haijafika. Arudi mwakani.

Mama Alima aliona aibu sana. Mtoto amekulia kati ya chupa na mabakuli ya mawese, leo anashindwa na maji? Akamuuliza kulikoni.

"Aliniuliza mara mbili, Nkambo," mtoto akamjibu bibi yake.

Bibi akanywea, maana ndiye aliyemfundisha: mkubwa akirudia swali, jibu la kwanza lilikuwa baya, libadilishe kabla ya kofi. Samaki mkunje angali mbichi, naye alikuwa amemkunja vizuri mno.

Akamgeukia Léonard, akamuuliza umri wake. Léonard akajibu thelathini na nne. Bibi akamkazia macho.

"Uko na miaka ngapi?"

Léonard akakohoa. "Karibu thelathini na tano, Mama. Mwezi wa kumi na mbili."

Nilicheka mpaka kitenge kikalegea. Léonard naye akakiri kwamba wataalamu wa baadaye walilitilia shaka swali hilo la pili, ila sura inayoeleza hayo ilikuwa mwisho wa nakala zake za chuo, na alipokuwa akisoma hakufika mwisho. Akaanza upya: akajaza glasi mbili sawasawa mbele ya mtoto bila kuuliza, akamimina moja katika ile ndefu, ndipo akauliza, mara moja tu.

"Ni maji ileile," Fatouma akasema. "Umebadilisha tu glasi."

Léonard akafungua mdomo kuuliza kama ana hakika, akakutana na macho ya bibi, akaandika jina la mtoto kwenye orodha.

Njiani Mama Alima akamuuliza mjukuu kama anataka shule. Akasema anataka. Bibi, kwa furaha, akauliza tena. Fatouma akameza mate, akasema hapana.