Giaboksi ya Kumfaa Hoza

Niliondoka Lukozi kwa sababu injini ya petroli ya lori dogo la kijiji ilikufa kabichi zikiwa shambani. Tulikwisha kupata ya dizeli, lakini giaboksi ya zamani haikuingiliana nayo. Tena dereva wetu, Hoza, aliwahi kuangukiwa na gogo. Goti la kushoto likakauka, na kukanyaga klachi kukawa mateso.

“Fundi, chagua wewe,” mwenyekiti aliniambia. “Ukileta giaboksi ya kawaida, yenye klachi, utaendesha mwenyewe. Hoza tutampa kazi ya stoo.”

Kazi ile ya udereva niliitamani, ila sikumwambia mtu. Hoza akaomba tufuatane.

Asubuhi, Lushoto, tulipanda basi la kushuka Mombo. Kila kona Hoza alikandamiza mguu wa kulia sakafuni, kana kwamba anaendesha yeye.

“Hapa usitegemee breki,” alisema. “Zikipata moto, umekwisha. Gia ndiyo ikushike.”

Alasiri tulifika Tanga, gereji ya mzee Salimu, muuza vyuma vilivyotumika.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Karibuni.”

Alituonyesha giaboksi tatu. Moja ya kawaida, nzima kabisa. Mbili za otomatiki, zinazobadili gia zenyewe bila klachi: nyepesi inayong’aa, iliyotoka kwenye gari la petroli, na nzito iliyojaa grisi, ya lori la dizeli. Nikaigusa ile nyepesi.

“Hiyo itakutesa,” mzee alisema. “Inangoja injini izunguke mbio ndipo ipandishe gia. Dizeli haifiki mbio hizo. Mtapanda mlima wote inalia kwa gia moja.”

Hoza akainamia ile nzito. “Mzee, nikiiweka gia ya chini mteremkoni, itabaki hapo hapo?”

“Itabaki. Na bamba la kuiunganisha na injini yenu nitawachongea.”

Hoza akaitazama ile ya kawaida, kisha akanitazama mimi. Nadhani alijua ninachokitamani. Niliizunguka ile ya kawaida mara mbili. Mwishowe nikasema, “Tupe hii nzito.”

Siku ya tatu tulirudi na mzigo wetu juu ya basi. Kuifunga kulinichukua wiki nzima.

Safari ya kwanza ya kushuka Mombo nilikaa kando ya Hoza, kabichi zimejaa nyuma. Mteremko ulipoanza aliivuta gia ya chini. Injini ikanguruma, lori likapunguza mwendo, likashuka taratibu. Nikaanza kupumua.

“Kazi hii uliitaka,” alisema, macho barabarani.

“Niliitaka.”

Tulifika chini. Akazima injini. “Kupanda, shika usukani wewe. Nitakuelekeza. Mimi nazeeka.”

Tangu siku hiyo, mtu akiniletea gari la kubadilisha injini, kabla sijafungua boneti namuuliza ni nani atakayeliendesha, na katika njia gani.