Tanbihi ya Mahojiano ya Albert Park

Mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiandika tasnifu yangu ya siasa mjini Durban, nilimhoji mkimbizi wa Kongo katika saluni yake, mtaa wa Albert Park. Msimamizi wangu, Mtanzania mwenzangu, aliazima nakala ya mahojiano hayo. Miezi michache baadaye niliyakuta katika makala yake jaridani, na tanbihi ikisema: "Mahojiano na mwandishi." Mtaa huo aliuogopa, hakuwahi kuukanyaga.

Nilipomwuliza, alicheka.

"Binti, mbona unanuna? Kwenye tasnifu yako ninukuu mimi, wasije wakakuita mwizi."

Bila saini yake nisingehitimu. Nikaketi, nikaandika chini ya maneno ya mkimbizi niliyoyasikia kwa masikio yangu: jina la ukoo la msimamizi wangu, mwaka, ukurasa.

Kisha nikahakiki koma.