Kusubiri Ng'ombe Acheue

Miaka ya themanini, huko Utange, maziwa ya mwanetu yalitoka kwa ng'ombe mmoja tu. Asubuhi moja nilimkuta amevunja mlango wa stoo na kula mahindi makavu mengi. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umefura, na alikuwa hacheui. Hapo ndipo nilipoogopa. Ng'ombe humeza nyasi zikachachia katika tumbo kubwa la kwanza, kisha huzirudisha mdomoni azitafune upya. Akiacha kucheua, hewa humjaa tumboni mpaka ikambana mapafu.

Baba mkwe alikuja na kisu mkononi.

"Mlazeni aelekee kibla. Akifa kibudu, bila kuchinjwa, hata nyama yake hatuli."

"Baba, tafadhali, ngoja kidogo," nilimwomba.

"Mimi nitangoja, mwanangu. Mauti je?"

Mume wangu alimwinua kichwa, nami nikammiminia kooni mafuta ya kupikia kwa chupa ya soda ili hewa ipate kutoka. Tukamkanda ubavu. Baba mkwe alisimama karibu na shingo, akimtazama macho asije akachelewa kumchinja. Miguu ya mbele ilianza kukunjika.

Mara ng'ombe alibeua kwa nguvu, harufu kali ya uchachu ikatupiga usoni. Baada ya muda donge likapanda shingoni, na taya zikaanza kusaga.

"Alhamdulillahi," alisema baba mkwe, lakini kisu hakukiweka chini. Tuliketi sote watatu tukizitazama zile taya. Kila ng'ombe alipomeza zilitulia, nami nilizuia pumzi mpaka donge jingine lilipopanda.