Haradali Haingoji Jua

Nyinyi vijana mnaominya haradali kutoka kwa chupa juu ya soseji, wekeni simu chini kidogo.

Nikiwa mdogo hapa Wamagana, ni mama yangu peke yake aliyepanda haradali nyeupe. Alipewa kiganja cha mbegu na mama Mhindi ambaye yeye alikuwa akimfulia nguo mjini Nyeri. Majani tulikula kama sukuma wiki. Mbegu, Mama alizitupa kwa mafuta moto, akafunika sufuria mbio, zikarukaruka kama mvua ya mawe kwa mabati, ndipo akatia kabeji. Harufu ikifika barabarani, majirani wanakumbuka ghafla ati wako na habari ya kumwambia. Kabeji ya kwetu haikuuliza nyama iko wapi.

Haradali ikikauka, huvunwa alfajiri, maganda yakiwa na umande. Jua likipanda yanapasuka, mbegu zote chini. Siku moja Mama akienda kuchuma chai aliniambia, "Wanjiru, kata kabla umande haujaisha. Hiyo ndiyo mbegu yetu yote."

Lakini baridi ya Julai mnaijua. Nikasema acha jua litoke kidogo, miguu isilowe. Nilipofika na kisu, shamba lilikuwa linalia pa, pa, pa.

Mama alirudi, akasimama hapo na kikapu mgongoni.

"Ulikuwa unangoja nini?"

"Jua, Maitu."

"Basi piga magoti uliombe likurudishie."

Hakunichapa. Aliteremsha kikapu, akapiga magoti kando yangu, tukaokota mbegu moja moja kwa mchanga mpaka jioni. Tulipata za kujaza kifuniko cha soda. Mama hakupika hata moja. Msimu mzima tulikula kabeji tupu, mpaka Baba akauliza, "Hii kabeji imefiwa na nani?"

"Muulize binti yako," Mama akasema.

Zile za kifuniko alizipanda nyuma ya jikoni, na hizo ndizo ziko shambani kwangu leo. Mama mwenyewe alishazikwa. Sijaona tena mtu wa kukaa na njaa ya ladha hivyo akilinda mbegu.

Siku hizi mambo ni rahisi. Jana nikisema haradali imekauka, kesho tunavuna, mjukuu wangu ananiambia, "Shosho, si tulale tu, hata supamaketi ziko?"

Nikaita nyumba yote jikoni. "Kesho saa kumi na moja asubuhi, kila mtu shambani na kisu, awe na gambuti za kuzuia umande au asiwe nazo. Atakayengoja jua, kabeji yake itakuwa imefiwa."